Njuga ya Subira

Baba mkwe wangu, mzee Antipasi, ambaye tulimzika Kinyangiri mwaka jana, alikuja kuishi kwetu Mwankoko na vitu vitatu: begi la nguo, redio iliyokamata stesheni moja tu, na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha kubebea kuku. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumpokea mzee. Habari za mbwa sikuambiwa.

Niseme ukweli mapema, maana majirani wanaujua na watausema nisipousema mimi. Mbwa sikuwapenda. Nilikulia Ikungi kwa baba mfuga ng'ombe, na kwetu mbwa alilala nje ya zizi, akala makombo, akafa siku yake ilipofika, na hakuna aliyeuliza. Nikaolewa na Mnyiramba, Melkizedeki, dereva wa lori la mafuta ya alizeti, mtu wa kulala nyumbani siku mbili na barabarani siku tano. Nyumba naiendesha mimi. Nafuga kuku wa kienyeji, wale wanaochukuliwa kwa matenga kupelekwa Dar es Salaam, na kuku hao ndio walioezeka bati hili na ndio wanaomsomesha binti yetu Pendo. Sasa mtu anaingia uani kwangu na mbwa wa kuwinda.

Maana haikuwa siri kwamba ni wa kuwinda. Mbegu ile Kinyangiri nzima wanaijua: wembamba, rangi ya udongo, masikio wima, mkia umejikunja, na hawabweki. Babu yake baba mkwe alimpata jike wa kwanza kwa Wahadzabe, akatoa mtama, hivyo ndivyo walivyosimuliana katika ukoo, na tangu hapo mbegu haikutoka mikononi mwao. Waliwinda nao digidigi, kanga na nungunungu, enzi ambazo nyama ya porini haikuhitaji karatasi. Zilipokuja sheria na askari wa wanyamapori, baba mkwe aliacha upinde akabaki na mbwa. Alisema upinde ni kitu, unaweza kuutundika ukutani. Mbwa humtundiki.

Yule wa kwenye kikapu alikuwa wa mwisho. Mama yake alikula nyama ya sumu aliyotegewa fisi, na ndugu zake wakafa kwa kukosa maziwa. Dume wa mwisho alikuwa wa Amosi, mdogo wake baba mkwe, na mbwa huyo alikwisha kuuawa, sababu yake nitaisema mahali pake. Mwaka huohuo mama mkwe wangu alikuwa amefariki. Basi mzee akabaki na kile kijike, akakinywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, na Melkizedeki alipomwambia hawezi kukaa peke yake na macho yameanza kufifia, alikubali kuja kwa sharti moja. Mume wangu alilikubali sharti bila kuniuliza. Nilimwambia nilichomwambia, na siyo ya kuandika hapa.

Mbwa aliitwa Subira. Jirani yangu Rukaiya, mjane mwenye mbuzi wake sita, alikuja kumpa mzee pole ya msiba, akasimama ng'ambo ya ua wa minyaa kwa sababu dini yake haimruhusu kuguswa na mbwa. Aliposikia jina alicheka, akasema ana shangazi yake Kondoa anaitwa vilevile, sasa je, akipita hapa amwamkie mbwa shikamoo? Mzee naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike.

Mimi sikucheka. Nilijisemea mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tuone huyu wa miguu minne atashika jembe gani.

Nilitegemea kuona fimbo. Kwetu mbwa alifundishwa kwa fimbo, na hata hivyo hakufundishika. Mzee hakushika hata kijiti. Alinijia jikoni, akabaki mlangoni kama heshima inavyotaka, akaniomba nimwoneshe kuku mkali kuliko wote. Nilikuwa naye, mwekundu, amelalia akatotoa vifaranga tisa, mimi mwenyewe nilikuwa namzungukia mbali. Akamfunga Subira kwa kamba fupi pembeni ya tundu la kuku yule, akaketi kwenye kigoda chake kutazama. Siku ya kwanza kale kambwa kalidonolewa pua mpaka ikatoka damu. Siku ya pili kalidonolewa tena. Siku ya nne nikamwona anapita uani amegeuza uso kando, kuku akipita yeye anatazama minyaa. Mzee alisema mbwa akikatazwa kuku na mtu, ataacha kuku mtu akiwepo. Akikatazwa na kuku mwenyewe, ameacha.

Na kweli, miaka sita sikupoteza kifaranga kwa Subira. Nilipoteza kwa mwewe, kwa nguchiro na kwa ugonjwa wa kideri, lakini siyo kwake.

Kisha likaja somo la chakula. Hakuna aliyeruhusiwa kumtupia Subira kitu. Bakuli lilitengwa chini, naye akakaa mbele yake mate yakimdondoka, akingoja mpaka mzee aseme haya. Pendo, wakati huo ana miaka mitano, alifundishwa kutia mkono ndani ya bakuli mbwa akiwa anakula, akatoa mfupa, akaurudisha. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani, tayari kutoka mbio. Subira alitulia tu akisubiri mtoto amalize utundu wake.

Halafu kulikuwa na tonge. Hili ndilo lililonishinda. Kwa desturi ya ukoo wao, mtu akitaka mbwa amjue, anachukua tonge la ugali, analibana kwapani mpaka linakolea jasho, kisha anampa mbwa kwa mkono wake. Mzee alisema mbwa hamjui mtu kwa jina wala kwa sura, anamjua kwa jasho, na yule asiyelishwa jasho lake atamheshimu kama mgeni, lakini kazini hatamsikia. Melkizedeki alibana tonge bila kujiuliza, maana alikwisha kufanya hivyo utotoni mara nyingi. Pendo alibana akicheka kwa kutekenyeka. Ikafika zamu yangu. Nilijibu kwa adabu zote, ila nilijibu: ugali wa nyumba hii naupika mimi, kwapani siutii. Mzee hakunikasirikia. Alisema, "Siku ukitaka, mwanangu," akalirudisha tonge sahanini. Nami nikarudi kwenye sufuria zangu nikijiona nimeshinda.

Subira alipokua, macho yake yakaanza kuyafuata mambo yanayokimbia. Mzee aliliona kabla yetu. Alisema mbwa wa mbegu hii usipompa kazi ataitafuta mwenyewe, na ataipata kwa jirani. Basi baada ya mavuno alitoa njuga ya chuma yenye ukanda wa ngozi, mali ya baba yake, akamfunga Subira shingoni, wakaenda na Pendo kwenye mabua kuwinda panya buku, na nguchiro waliokuwa wakinimalizia vifaranga. Walirudi jioni wamefurahi, miguu myeupe kwa vumbi. Kabla ya kuingia uani mzee alisimama kwenye minyaa, akamvua njuga, ndipo akamruhusu kuingia. Ikawa hivyo kila mara, na njuga ikawa na msumari wake ukutani mwa chumba cha mzee.

Niliona hayo yote kwa macho yangu. Lakini kuona siyo kuelewa, hasa ukiwa umeamua kwamba jambo halikuhusu. Nilidhani njuga ni ya kumsaidia mzee asikie mbwa yuko wapi ndani ya mabua. Na ni kweli, hiyo ilikuwa kazi yake, ila ilikuwa nusu. Nusu nyingine mzee alimfundisha Pendo palepale uani, jioni nyingi, na mimi nilikuwa nikisonga ugali hatua kumi kutoka walipo. Mbwa akivaa njuga yuko kazini, na kila kinachokimbia mbele yake ni chake. Akivuliwa ni mtoto wa nyumbani, na hata nguchiro akipita puani pake atamtazama tu. Hata mtoto wa darasa la kwanza alilijua. Mama yake hakulijua.

Mwaka wa nne presha ya macho ikammalizia mzee nuru. Tulimpeleka hospitali mjini, akapewa dawa ya matone, tukaambiwa iliyokwisha kupotea hairudi. Mabua yakamshinda, njuga ikabaki kwenye msumari wake ikishika kutu. Na hapo, bila kufundishwa na mtu, Subira akajipa kazi mpya. Alianza kumtangulia mzee hatua moja, ubavu wake ukigusa fimbo yake. Kwenye mtaro alisimama. Pikipiki ikija alijibana kwenye magoti ya mzee mpaka ipite. Walikwenda hivyo kanisani kila Jumapili, yeye akalala mlangoni mpaka ibada iishe, na siku za katikati walikwenda dukani na kwenye benchi la nje kwa Rukaiya, ambako mzee alikunywa chai na Subira akajiweka mbali bila kuambiwa, kana kwamba anajua dini ya mwenye nyumba.

Inabidi mtu wa kwingine aelewe uzito wake. Melkizedeki yuko barabarani, Pendo yuko shule, nyumbani nimebaki mimi na mzee. Na mimi ni mke wa mwanawe. Mkwe hamshiki mkono baba mkwe wake wakaongozana njiani watu wakiwatazama, kwao hivyo, na kwetu hivyo. Ningeweza kumpikia, kumfulia, kumwekea maji ya kuoga. Mkono wangu nisingeweza kumpa. Kwa hiyo mbwa yule alikuwa macho ya mzee, alikuwa mkono wake pia, na siku ambayo asingekuwepo mzee angebaki kukaa kwenye kigoda akisubiri kufa.

Nililijua hilo. Nilianza kumwekea Subira ukoko wa wali, nikimpa kwenye bakuli lake wakati hakuna anayeona, ili nisionekane nimeshindwa. Tonge la kwapani bado sikulifikiria.

Sasa lile la Jumamosi, mwaka wa sita. Siku mbili kabla yake mzee alijikwaa kwa Subira aliyekuwa amelala kizingitini. Mbwa yule habweki, na mzee hakuona tena hata kivuli. Alianguka, akapasuka mdomo. Nilimsafisha damu kwa kumsogezea beseni na kitambaa, naye akawa anasema siyo kosa la mbwa, siyo kosa la mtu. Iliniuma. Usiku nikawaza nitamsaidiaje, na wazo likanijia nikalifurahia kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Kuna njuga kwenye msumari. Nikimfunga Subira, mzee atamsikia alipo hata kama amelala akajigeuza. Kwa miaka sita sikuwa nimemfanyia mbwa yule jambo lolote jema mchana kweupe. Hili lingekuwa la kwanza.

Jumamosi asubuhi Pendo alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Angekuwepo angenikataza. Mzee alikuwa bado amelala. Nilimwomba samahani kimoyomoyo kwa kuingia chumbani mwake, nikanyoosha mkono, nikaitwaa njuga, nikaisugua kutu kwa majivu mpaka ikang'aa. Nikamwita Subira. Alikuja. Nilipomfunga alisimama wima kabisa, masikio mbele, akatetemeka mwili mzima kuanzia shingo mpaka mkia. Nilidhani ni furaha. Nilicheka, nikamwambia umependeza.

Alipita kwenye minyaa kabla sijanyanyuka. Shamba la ng'ambo alizeti zilikuwa zimekwisha kukatwa, na mbuzi wa Rukaiya walikuwa wakiokoteza, na wadogo wawili wa rangi ya kahawia wakirukaruka kama watoto wa mbuzi walivyo. Waliposikia njuga wakakimbia. Wangesimama labda ingekuwa vingine. Nikaita Subira, Subira, rudi. Nilikimbia na kanga ikanitoka kiunoni, nikaita mpaka sauti ikapasuka, na mbwa yule hakugeuza hata sikio. Nilikuwa nimempa ukoko wa wali. Jasho langu sikuwa nimempa.

Nyuma yangu nikamsikia mzee. Alikuwa ametoka bila fimbo, mikono mbele, anapapasa hewa.

"Nani amefunga njuga?"

 Akatia vidole viwili mdomoni, pamoja na ule mdomo uliopasuka, akapiga mluzi mmoja mrefu. Njuga ikanyamaza huko shambani, kisha ikaanza kuja. Subira alikuja mbio, kifua chekundu, mdomoni amebeba kile kitoto cha mbuzi, akakilaza miguuni pa mzee kwa upole kama alivyofundishwa, akakaa chini kusubiri kusifiwa. Mzee aliinama, akapapasa. Vidole vyake vikapita kwenye kwato, vikapanda mpaka kwenye vipembe vilivyokuwa ndiyo kwanza vinachomoza, vikasimama pale. Akamvua mbwa njuga. Muda ule ule Subira akalegea, akajilaza, akaweka kidevu juu ya mguu wa mzee.

Wa pili alikuwa amekufa kulekule shambani. Rukaiya alikuja analia kwa hasira, na alikuwa na haki, mbuzi wale aliwalea kwa mikono yake. Lakini alipomwona mzee amekaa chini kwenye vumbi, hasira ilimtoka. Nilimpigia magoti nikamweleza ni mimi, tungemrudishia mbuzi kwa mbuzi. Akasema basi, yameisha.

Mzee akasema hayajaisha. Akaomba aitwe bwana mifugo aje Jumatatu na sindano.

Hapo ndipo niseme habari ya Amosi. Miezi michache kabla mzee hajahamia kwetu, yule dume wa mdogo wake aliua kondoo wa jirani. Sheria ya wenye mbwa wale, waliyoirithi pamoja na mbegu yenyewe, inasema mbwa aliyeua mfugo haonji wa pili, na anayemwondoa ni mkono uliomlisha. Ndiyo iliyofanya wafugaji wa ng'ombe na wenye mbwa wa kuwinda wakae kijiji kimoja bila kuchomeana nyumba. Amosi aliomba sana. Alisema mbwa alichokozwa, alisema ni dume wa mwisho wa mbegu ya baba yao. Baba mkwe, kama mkubwa wa ukoo, alikataa. Amosi akamwua mbwa wake, na ndugu wale wawili hawakusemezana karibu mwaka mzima.

Rukaiya ndiye aliyeanza kumtetea Subira, yeye ambaye hajawahi kumgusa. Alisema mbuzi ni wangu na mimi nimesamehe, mzee, mwacheni. Mzee akamshukuru, akamwambia yeye amesamehe mbuzi, na mbuzi ni wake kusamehe, lakini mbwa ni wa Antipasi. Nikapiga magoti kwa mara ya pili asubuhi ile.

"Baba, kosa ni langu. Yeye amefanya alichofundishwa."

"Najua, mwanangu. Kosa ni lako, na ni langu niliyeacha uishi na mbwa bila kumjua. Lakini damu iko mdomoni mwake, haiko mdomoni mwetu. Nilimwambia Amosi amwue wake. Leo nikimwacha wa kwangu kwa sababu mimi ni kipofu, Amosi nimwambie nini?"

Nilikasirika. Sijui kukaa na uchungu bila kukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nilisema mbele ya jirani maneno ambayo mkwe hasemi. Nikasema hicho ni kiburi cha wazee wa Kinyangiri, kwamba anajiua mwenyewe ili aonekane mwenye haki, na kwamba Subira akiondoka ni nani atamtoa nje ya ua huu. Mzee alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Alikuwa anampapasa mbwa sikio.  Nilimpigia simu Melkizedeki, yuko Manyoni, nikitumaini ataamua kama mwanamume wa nyumba. Akasema mbwa ni wa baba. Nikakata simu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema hivyo kwa watoto kila siku. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Jumapili walikwenda kanisani kama kawaida, Subira mbele hatua moja. Watu waliwasalimia, hakuna aliyejua. Pendo alikuwa ameambiwa na babu yake mwenyewe, akalala kitanda kimoja na mbwa usiku ule, na mara hii sikusema kitu kuhusu mashuka. Jumatatu alikwenda shule bila kula.

Asubuhi hiyo nilisonga ugali wa mtama, mlaini, kama anavyoupenda mzee. Nilimtengea nje. Alinawa, akamega tonge, lakini hakula, akalinyoosha upande wangu.

"Asiondoke hakujui," akasema.

Nikageuka nikaupa uso ukuta. Nikalitia tonge kwapani, ndani ya gauni, la moto bado. Liliniunguza nikaliacha liniunguze. Nilisimama hivyo muda mrefu, kuku wakidonoa miguuni kwangu, mpaka nikahisi limelowa. Kisha nikachuchumaa mbele ya Subira nikampa kwa mkono. Alilinusa tonge. Akaninusa mkono, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akarudi. Akamtazama mzee kungoja ruhusa. Mzee hakuweza kusema haya, ikabidi niseme mimi. Nikasema haya. Na kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mbwa yule alinitii.

Bwana mifugo alikuja saa nne, kijana mpole, akataka kujua kama hakuna njia nyingine. Mzee alimpakata Subira kichwa mapajani. Sindano ilipoingia Subira hakulia, ile mbegu hailii. Alilamba kiganja cha mzee mara mbili tatu, kisha akawa anapumua polepole, kisha hakupumua. Mimi nilichimba shimo nyuma ya banda la kuku. Rukaiya alinipa jembe lake juu ya minyaa, na alipoona nimechoka aliingia uani akachimba na mimi. Tulipofukia, yule kuku mwekundu, aliyezeeka sasa hata mayai hatagi, alikuja kuparura udongo mbichi. Mzee akauliza ni nini kile. Nikamwambia. Akasema mwacheni, huyo ndiye mwalimu wake.

Nililoliogopa likawa. Mzee hakutoka tena. Alikaa kwenye kigoda kutoka asubuhi mpaka jua linazama, chakula akikionja tu kwa heshima yangu. Wazee wa kanisa walikuja kumchukua, akawaambia wiki ijayo. Siku moja alijaribu kwenda peke yake kwa fimbo akaishia mtaroni, na wapita njia ndio waliomtoa. Benchi kwa Rukaiya likawa tupu. Nilikuwa namtazama kutoka dirisha lilelile la jikoni nilikokuwa nikijificha alipofundisha, na nilijua wazi kwamba mzee huyu anakufa, na ni mimi nimemwua kwa wema wa asubuhi moja.

Wiki ya nne, Jumapili, Melkizedeki yuko safarini na Pendo ametangulia na kwaya, nilivaa nguo za kanisani. Nikaingia chumbani kwa mzee alipokuwa nje akinawa, nikaitoa njuga kwenye msumari. Nikakaa mlangoni, nikajifunga kifundoni mwa mguu.  Sikujua ataichukuliaje, huenda angeniona ninamdhihaki yeye na marehemu mbwa wake. Nikasimama hatua moja mbele yake, nikatikisa mguu.

Mzee aliinua uso. 

Nikamwambia baba, muda wa ibada. Akapapasa fimbo, akainuka.

Tulikwenda hivyo, mimi mbele, yeye nyuma akifuata sauti. Kwenye mtaro nilisimama, naye akasimama. Pikipiki ilipokuja nilisogea pembeni nikapiga mguu chini, naye akasogea. Watu walitutazama na wengine walicheka, mke wa mtu, mtu mzima, na njuga mguuni kama mcheza ngoma. Waache wacheke. Hakuna aliyemshika mkwe wake mkono, na mzee alifika kanisani. Baadaye tulitembea hivyo zaidi ya mwaka mmoja, kanisani na dukani na kwa Rukaiya, mpaka miguu yake yenyewe ilipokataa.

Lakini siku ile ya kwanza, tulipokuwa tunarudi, tulipofika kwenye ua wa minyaa, nikasikia fimbo yake imesimama nyuma yangu. Nikageuka kuona kama amejikwaa.

"Scholastika," aliniita. Siku zote aliniita mama Pendo. "Ivue hapo. Nyumbani huingii nayo."

Nikainama palepale alipokuwa akimvulia Subira, nikaifungua, nikaishika ngumini isilie, tukaingia nyumbani.